Kichujio cha Hewa cha Pikipiki ya Njia za Vumbi: Namna ya Kukisafisha na Wakati wa Kukibadilisha

Injini ya pikipiki haiendeshwi na petroli peke yake. Ili lita moja ya petroli iungue sawasawa, injini huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Katika njia za vumbi, ambako afisa ugani, mhudumu wa afya na dereva wa bodaboda hupita kila siku, hewa hiyo yote husafishwa na kipande kimoja kidogo: kichujio cha hewa. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuchonga silinda na kununua pistoni na ringi mpya. Makala haya yanamweleza mlaji namna ya kukitunza.

Madhara ya kichujio kibovu

Kasoro za kichujio ni za namna mbili, nazo zisichanganywe.

Ya kwanza ni kuziba. Hewa ikipungua, petroli huzidi. Pikipiki hukosa nguvu mlimani, hutumia mafuta mengi, hutoa moshi mweusi, na plagi hujaa masizi. Kwa kawaida hali hii hurekebika kichujio kinaposafishwa.

Ya pili ni kuvuja. Kichujio kilichopasuka, au kisichokaa vizuri mahali pake, hupitisha vumbi hadi ndani ya injini. Kasoro hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu pikipiki huweza kuendelea kukimbia vizuri kwa muda. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko aluminiamu ya pistoni. Zikichanganyika na oili huisaga silinda na ringi kidogo kidogo. Moshi wa samawati na kupungua kwa oili huonekana wakati uharibifu umekwisha kutokea. Kwa hiyo, usikubali ushauri wa kuondoa kichujio ili pikipiki ipate nguvu.

Tambua aina ya kichujio chako

Pikipiki nyingi zilizoundwa kwa ajili ya njia za vumbi hutumia kichujio cha sponji, ambacho hufuliwa na kutumika tena. Nyingine hutumia kichujio cha karatasi. Hiki hakifuliwi, hubadilishwa. Baadhi ya vichujio vya karatasi hutiwa mafuta maalumu kiwandani, na kuvipuliza kwa upepo wa kompresa huviharibu. Soma kitabu cha maelekezo cha pikipiki yako kabla ya kuanza.

Hatua za kusafisha kichujio cha sponji

1. Zima injini, iache ipoe, kisha futa vumbi lililo juu ya kasha la kichujio kabla ya kulifungua.

2. Toa kichujio taratibu ili uchafu usidondokee ndani. Ziba mdomo wa njia ya hewa kwa kitambaa safi, wala usiwashe injini.

3. Kagua upande wa kasha unaoelekea injini. Ukikuta vumbi huko, kichujio kilikuwa kikivuja. Futa kasha lote kwa kitambaa chenye unyevu.

4. Fua sponji kwa dawa maalumu ya vichujio au kwa mafuta ya taa, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto. Usitumie petroli: mvuke wake hushika moto upesi, nayo huweza kuyeyusha gundi inayounganisha sponji. Kamua kwa kuminya baina ya viganja. Usiisokote, kwani itachanika.

5. Fua tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kisha anika kivulini mpaka ikauke kabisa.

6. Tia mafuta ya vichujio vya sponji au, kitabu cha maelekezo kikiruhusu, oili ya gia ya SAE 80–90. Minya mpaka mafuta yaenee kila mahali, kisha kamua yanayozidi. Hatua hii isirukwe: mafuta hayo ndiyo yanayonasa vumbi laini. Sponji kavu, hata iwe safi namna gani, hulipitisha.

7. Paka grisi kidogo kwenye ukingo wa kichujio, ondoa kitambaa ulichozibia, rudisha kichujio na uhakikishe kwamba ukingo wote umekaa sawasawa. Ndipo ufunge kasha.

Mafuta machafu yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

Ni mara ngapi?

Muda uliotajwa katika kitabu cha maelekezo kwa kawaida ni wa mazingira ya kawaida. Wakati wa kiangazi, au ukisafiri mara kwa mara nyuma ya magari yanayotimua vumbi, kikague mapema zaidi. Baada ya safari ya vumbi zito, kikague siku hiyo hiyo. Kikague pia baada ya kuvuka maji yenye kina.

Wakati wa kubadilisha na kununua

Badilisha sponji iliyochanika, iliyoachia gundi, iliyokakamaa au inayomeguka vipande ukiiminya. Usiishone wala usikate sponji ya godoro iwe mbadala. Matundu yake hayakukusudiwa kuzuia vumbi. Unaponunua, nenda na kichujio cha zamani ukilinganishe na kipya kwa umbo, unene na ukingo. Kisichoingia sawasawa kitavuja, hata kiwe kipya.

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya kipuri. Ukimpelekea fundi kazi hii, mwombe akurudishie kichujio cha zamani, na ukitazame kipya kabla kasha halijafungwa. Nchini Tanzania, mlaji anayeshuku kwamba ameuziwa kipuri bandia anaweza kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani. Ahifadhi kipuri hicho, kifungashio chake na risiti, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyothibitisha malalamiko yake.