Uvimbe Unapojitafutia Damu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwa nini saratani ya ovari mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kutapakaa tumboni. Leo tutazame mishipa ya damu inayoilisha.

Uvimbe ukifikia milimita moja au mbili, seli za katikati huanza kukosa oksijeni. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe huiamuru mishipa ya jirani ichipue matawi kuelekea kwake, na kwamba amri hiyo ikizuiwa, uvimbe utadumaa. Wengi walimbeza. Baadaye ilibainika kuwa mbeba amri mkuu ni protini iitwayo VEGF.

Protini hiyo ina kazi ya pili, na hapo ndipo mgonjwa wa ovari anapoumia zaidi. Huilegeza mishipa ikavuja kama bomba bovu. Tumbo hujaa maji, nguo hazifungi, matonge mawili ya ugali yanatosha kumshibisha mtu, na jamaa humpongeza kwa kunenepa.

Wanapatholojia wamejaribu kuhesabu mishipa kwenye vipande vya uvimbe ili kumtabiria mgonjwa. Tafiti nyingi zilihusisha wingi wa mishipa na maisha mafupi, nyingine hazikuona hivyo. Binafsi sioni kama hesabu hiyo imefaa kuamulia tiba.

Bevasizumabu, kingamwili inayoinasa VEGF, ndiyo iliyotupa majibu ya wazi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011, wanawake 1,873, nusu ya waliopata tibakemikali peke yake ugonjwa uliwazidi ndani ya miezi 10.3. Kwa walioongezewa dawa hiyo na kuendelea nayo, ilichukua miezi 14.1. Urefu wa maisha, hata hivyo, haukutofautiana.

Jaribio jingine, ICON7, lilikuta hali hiyohiyo kwa jumla, ila kwa wenye hatari kubwa, wakiwemo walioachiwa mabaki makubwa ya uvimbe baada ya upasuaji, wastani wa kuishi ulipanda kutoka miezi 34.5 hadi 39.3.

Dawa yenyewe hupandisha shinikizo la damu, hupitisha protini kwenye mkojo, na mara chache hutoboa utumbo. Kwa hiyo familia inayofikiria kuuza shamba ili kuilipia, imuulize kwanza daktari: upasuaji uliacha uvimbe kiasi gani?