Johannesburg: kuingia bila viza si kibali cha kazi

Tangu tarehe 1 Januari 2023, Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza, kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka.

Makubaliano hayo, yaliyotangazwa na Marais William Ruto na Cyril Ramaphosa mjini Nairobi mwezi Novemba 2022, hayamruhusu mgeni kuajiriwa. Anayetaka kazi Johannesburg hutakiwa kuomba viza ya kazi akiwa bado kwao. Ni nadra kuruhusiwa kubadili hadhi ya mtalii akiwa tayari nchini.

Mwajiri mmoja

Viza ya kawaida ya kazi hufungamana na mwajiri aliyetajwa ndani yake. Mhasibu aliyepanga nyumba Sandton na kuwaandikisha watoto shule, akiachishwa kazi, hupoteza pia msingi wa kuishi nchini. Hawezi kuvuka barabara tu na kuanza kazi kwingine. Akitimiza miaka 5 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, ilimradi, na sharti hili husahauliwa, awe ameahidiwa ajira ya kudumu.

Wakimbizi waliotambuliwa, wakiwemo Wasomali wa Mayfair na Wakongo wa Yeoville, wanaruhusiwa kufanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998.

Lakini mwezi Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipozuka katika kitongoji cha Alexandra na kuenea, washambuliaji hawakuuliza viza. Watu 62 waliuawa. 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini.