Miguu Ikivimba, Tusiazimane Vidonge

Akina mama wenzetu, mama akivimba miguu, pengine jirani mwema humpa kidonge chake cha furosemidi, ile dawa ya kukojosha. Tuache desturi hiyo. Uvimbe waweza kutoka kwenye moyo, figo au ini, na kila ugonjwa una tiba yake. Mjamzito akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa na macho yakaona ukungu, yawezekana ni dalili za kifafa cha mimba. Asimeze kidonge cha jirani, akimbizwe hospitali. Kwa wakazi wa Tabora, Kitete ipo.

Aliyeandikiwa na daktari kwa kawaida huimeza asubuhi, kwani huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa saa sita hivi. Akiimeza jioni hatalala. Wako wanaoiacha wanaposafiri kwa treni kwenda Kigoma, kule ilikoelekea njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Tusiiache, tumwulize daktari mapema saa ya kuimeza siku hiyo. Misuli ikikaza, kizunguzungu kikizidi, au tukihara na kutapika, turudi kwa daktari upesi, maana mwili unapungukiwa maji na chumvi zake.

Tukimpenda jirani, tumsindikize hospitali.