Taa zawaka, injini yazima: kisa cha boda za Mbale

MBALE. Mfanyabiashara anayetaka kufika mpaka wa Lwakhakha mapema huondoka Mbale kukiwa bado giza. Ndiyo maana waendesha boda wengi hufunga taa za LED, kwani zile za kiwandani kwao ni kama kibatari. Matatizo huanzia njiani. Indiketa zinapepesa ovyo, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na mara nyingine pikipiki inazima na gunia la vitunguu likiwa nyuma. Nimewahi kusukuma moja ya namna hiyo, si raha.

Lawama huangukia taa, eti ni feki. Feki zipo, lakini mara nyingi kosa ni la aliyeunga nyaya.

Indiketa ndiyo rahisi. Balbu ya kawaida hula wati 10, LED hula wati moja au mbili tu. Flasha ya zamani hutegemea umeme unaopita ndani yake. Ukiwa kidogo, hufanya kana kwamba balbu imeungua, ikapepesa mbio au ikagoma kabisa. Weka flasha ya elektroniki inayokubali LED. Wengine hufunga rezista. Inasaidia, ila hupata moto, basi isiguse plastiki.

Taa za mbele ndizo zenye gharama. Mbili za wati 20 kila moja huvuta zaidi ya ampea 3 kwenye betri ya volti 12. Fundi mwenye haraka huchuna waya wowote ulio karibu chini ya tangi, anaunga, anazungushia solotepu, kazi imeisha. Kwa pikipiki ya kabureta unaweza kuponea hapo. Kwa ile ambayo petroli hupulizwa na nozo kwa amri ya kompyuta, huenda waya huo ndio unaolisha kompyuta yenyewe au pampu. Volti ikishuka, kompyuta huandika kosa.

Kosa hilo husomeka. Kwenye Yamaha na Honda nyingi za nozo, hesabu taa ya injini inavyopepesa: kila pepesa ndefu ni kumi, kila fupi ni moja. Yamaha ikipepesa ndefu nne na fupi sita, yaani 46, inalalamikia umeme unaoingia kwenye mfumo wa petroli. Honda ikitoa 12 inaitaja nozo, na hapo ndipo watu hutapeliwa. Kama kosa limezuka baada ya kufunga taa, kagua kwanza plagi ya nozo, maana huenda ililegea mikononi mwa fundi.

Kisha chomoa taa mpya, uwashe injini. Kosa likitulia, mkosaji ni nyaya za taa. Pima betri: ikiwa imepumzika na imejaa husoma takriban volti 12.6, na injini ikivuma taa zikiwaka inapaswa kukaribia 14. Ikibaki chini ya 13, mzigo umezidi au chaji ni mbovu.

Uungaji sahihi hutoka betri moja kwa moja, fyuzi ikiwa karibu na betri, na rilei inayoamshwa na swichi ya funguo. Waya hasi nao urudi betri, usifungwe kwenye fremu yenye kutu.

Baadhi ya pikipiki hubaki na kosa kwenye kumbukumbu hata baada ya kutengenezwa. Mwambie fundi alifute, uzunguke nayo mjini, ndipo upakie mzigo.