Maji ya Nairobi, Bahari ya Malindi

Ndugu zetu wa Malindi na Mambrui wanaijua rangi ya bahari yao mvua inyeshapo bara. Maji hugeuka yakawa kama chai ya maziwa, na wavuvi husema: Sabaki imeteremka. Nyingi ya tope ile ni udongo wa mashamba ya njiani. Lakini imo na sehemu iliyopita katikati ya jiji la Nairobi. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ukakata mjini, ukaingia Athi; Athi ikawa Galana, na Galana ndiyo Sabaki yetu.

Jina lenyewe la Nairobi ni la Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Hayo ni ya kale.

Juzi nalishuka ukingoni, kwenye bustani ya Michuki, baina ya Museum Hill na Globe. Wazoefu wa jiji watakumbuka palivyokuwa pachafu hapo kabla ya marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, kushika kazi ya kuusafisha mto. Nalikuta vijana wa chuo kikuu kimoja, wanaosomea shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, wamevaa mabuti ya mpira, wamo majini. Mmoja wao binti wa Malindi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mwavua nini humu?"

"Twavua wadudu."

Na kweli. Hupindua mawe, wakakinga wavu, wakamwaga walichopata kwenye sinia nyeupe, wakahesabu. Kuna wadudu wachanga wasiostahimili uchafu. Wakionekana, mto u mzima. Siku ile hawakuonekana. Walioonekana ni funza wembamba kama uzi, wekundu, ambao damu yao ina kitu kile kile kinachoipa yetu wekundu. Kwa hicho huweza kuishi penye hewa haba.

Mimi ni mtu wa chuo, yaani kile cha Kurani, na fiqhi yangu ya mwanzo ni ya maji: je, yamebadilika rangi, ladha au harufu? Nikamweleza. Akacheka. "Hata sisi, ami, rangi na harufu twaziandika kwanza. Ladha ndiyo hatuthubutu."

Kisha akanionyesha chupa. Maji yake hufungiwa gizani siku 5, kwa joto la nyuzi 20, ndipo wajue uchafu umekula oksijeni kiasi gani. Hapo maji meupe ya kupendeza machoni huweza kuanguka mtihani.

Masomo ya namna hii si mageni hapa. Juu kidogo tu ya bustani ile ni Chiromo, alikofundisha Profesa Wangari Maathai. Katika miaka ya 1970 alitoka maabara akaenda mashambani kukusanya kupe wanaoambukiza ng'ombe maradhi. Akaona mito imejaa udongo, na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement ya kupanda miti. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Angalibaki na darubini yake, mimi nasema, angalituachia habari za kupe.

Nikamwuliza binti yule hesabu zao huenda wapi. Akajibu kwamba mwalimu hutoa alama, kisha daftari hutiwa kabatini. Hilo silikubali hata kidogo. Hesabu ya mahali pamoja, ikichukuliwa mwaka baada ya mwaka, ni mali ya mvuvi wa Mambrui kama ilivyo ya mwanafunzi. Nani amewahi kumpelekea? Wala hawajapata kupelekwa huko mto unakoishia. Nauli ya basi, wameambiwa, haipo.

Likizo ijayo atakuwa kwao. Ameniambia atashuka mwenyewe chini ya daraja la Sabaki, apindue mawe na kuhesabu. Wavu na sinia amekwisha viomba.