Mucheza catch haogopi nyoka, anaogopa kumwambia bosi wazo lake

Munajua ile kelele. Ni Jumamosi muchana, ngoma na tarumbeta zinasikika kutoka upande wa barabara kubwa, watoto wanaacha bidoni za maji na kukimbia. Nyuma ya fanfari wanatembea wanaume waliopakaa rangi usoni, mumoja amevaa maski, mwingine amezungusha nyoka shingoni. Wenye motari wanapunguza mwendo, mama anayeuza sombe anavuta meza yake nyuma. Catch imefika kartiye, na jioni kutakuwa mapigano.

Nimefuata karavani hizo tangu niko mutoto wa primere, na leo kazi yangu ya redio inanipa ruhusa ya kuzifuata bila kuona haya. Kuna jambo moja ambalo kila mara linanishangaza. Ule mutu aliyekula moto mbele ya watu mia tano, aliyetukana mupinzani wake mpaka watoto wakalia, ukimukuta nyuma ya ulingo anaongea na mwenye kuandaa muchezo, mikono iko mugongoni, macho iko chini. “Ndiyo bosi. Ndiyo muzee.” Basi. Ana mawazo mengi juu ya muchezo wake, atayasema yote kwa rafiki zake akiwa anakunywa kitu. Kwa bosi hasemagi hata moja.

Watu wanasemaga ni woga tu. Mimi sioni hivyo. Naona ni hesabu, na mara nyingi ni hesabu nzuri.

Tuanze na kitu ambacho catch inacho na michezo mingine haina. Tarehe 30 Oktoba 1974, kule Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman kwenye raundi ya 8. Hakuna aliyekuwa amemwambia Foreman aanguke. Kwenye catch, mwisho wa pambano unajulikana kabla. Nani atashinda, kwa njia gani, nani atabebwa mabegani na nani atakokotwa kwa miguu, yote imepangwa, na mwenye neno la mwisho ni bosi. Fundi wa mbao akigombana na bosi wake anaweza kupoteza mushahara. Mucheza catch anaweza kupoteza mushahara na pia kupoteza pambano, wiki hii, wiki ijayo, mwezi wote, mbele ya kartiye yake mwenyewe. Na mutu anayeshindwa kila Jumamosi, nani atalipa kumuona? Bosi hana haja ya kukufukuza. Anakufanya uanguke tu mpaka watu wenyewe wakusahau.

Halafu kuna mambo ya siri. Catch ya Congo, ile iliyopata nguvu Kinshasa na kutoa majina kama Kelekele na Edingwe, haiuzi nguvu za mwili peke yake. Inauza dawa. Mutu anapuliza unga, mupinzani anaanza kutetemeka. Mwingine anaonekana kama anatoa utumbo wa mwenzake na kuula. Wako watazamaji wanaoamini kabisa, wako wanaocheka, na wengi wako katikati, wanacheka huku wanarudi nyuma hatua mbili. Kila mucheza anaishi kwa hiyo sifa. Hata nyumbani mwake, majirani wanamuogopa kidogo, na hiyo ni sehemu ya malipo.

Sasa fikiri unataka kupeleka wazo kwa bosi. Utasema nini? “Bosi, naona jioni hii ile dawa yangu ishindwe, ndipo watu watashangaa zaidi”? Kusema hivyo ni kusema wazi kwamba dawa ni sehemu ya muchezo. Wako wenye kuzungumza hivyo kati yao bila shida. Lakini wako pia ambao hata wakiwa wawili tu hawasemi, juu kila mumoja anaheshimu siri ya mwenzake, na bosi mwenyewe anaongea kwa mafumbo. Ni vigumu kutoa wazo juu ya kitu ambacho wote mumekubaliana kwamba hakipo. Hata kwa Wamarekani ilikuwa hivyo zamani. Ni mwaka 1989 tu ndipo kampuni kubwa ya kule, ile tunayoiita leo WWE, ilisema mbele ya serikali ya jimbo la New Jersey kwamba mapigano yake ni burudani, wala si mashindano ya kweli. Na haikusema kwa kupenda ukweli. Ilitaka kuepuka sheria na kodi za michezo ya ngumi.

Jambo la tatu kila mutu wa Goma analijua bila kuelezwa: bosi wa catch mara nyingi ni mucheza wa zamani. Ni yeye alikufundisha kuanguka bila kuvunja shingo. Ulikuwa kijana bila kazi, akakuchukua. Unamwita muzee, pengine papa. Kwa desturi yetu, mutoto hamwambii papa kwamba chakula kimekosa chumvi. Anakula. Ukileta wazo lako mbele ya wengine, hata likiwa zuri, linasikika kama unamwambia kwamba yeye amechoka. Na pesa ni ya kuhesabu mukononi, usiku, baada ya kulipa uwanja, vipaza sauti, mafuta ya jenereta na wapiga tarumbeta. Hakuna karatasi. Tangu benki nyingi za muji zifunge milango mwaka 2025, hata hiyo pesa ya mukononi imekuwa ya kutafuta kwa taa. Katika hali hiyo nani atasimama aseme, “Bosi, nina wazo”?

Labda mutaniambia kwamba hayo yote ni umasikini wetu tu. Basi twende kule pesa iko.

Wale tunaowaona kwenye televisheni na kwenye vyumba vya video, kina Undertaker na John Cena, walifanya kazi miaka mingi chini ya mutu mumoja, Vince McMahon, aliyenunua kampuni kutoka kwa baba yake mwaka 1982. Mpaka alipoachia kazi mwaka 2022, kauli ya mwisho juu ya kila hadithi ilikuwa yake. Na wacheza wake, hata wale mamilionea, kwenye mikataba hawahesabiwi kuwa wafanyakazi. Wanaandikwa kama watu wa kujitegemea. Mwaka 1986 mumoja wao, Jesse Ventura, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo la Minnesota, alijaribu kuwashawishi wenzake waunde sendika. Habari ilimufikia bosi haraka. Miaka ilipita, Ventura akaishitaki kampuni kwa mambo ya malipo, na katika ushuhuda wa kesi hiyo jina lililotajwa kuwa ndilo lilipeleka habari kwa bosi ni la Hulk Hogan, nyota mukubwa kuliko wote. Kwa hiyo hata kumwambia mwenzako wazo ilikuwa hatari, achana na kumwambia bosi.

Desemba 2014, McMahon alikaa kwenye kipindi cha mucheza wake wa zamani, Steve Austin, akalalamika kwamba kizazi cha sasa hakina hamu ya kupanda juu, kwamba vijana wanaogopa kukosea. Hapo mimi nilicheka kidogo. Ni kama mwenye ngazi anayeuliza kwa nini hakuna anayepanda, na ngazi yenyewe ameifungia ndani ya nyumba.

Maana wako waliojaribu. Cody Rhodes, mutoto wa mucheza maarufu Dusty Rhodes, alipewa sura ya mutu aliyepakaa rangi usoni, jina Stardust. Alichoka nayo. Alipoondoka Mei 2016 alieleza kwamba kwa miezi alikuwa anaomba arudishiwe sura yake mwenyewe, anapeleka mawazo, na hayaendi popote. Na alipotoka nje alikuta kitu kingine: jina “Cody Rhodes” kwenye ulingo lilikuwa limeandikishwa kwa kampuni. Miaka zaidi ya 4 alipigana kama “Cody” tu, mpaka mwaka 2020 alipopata haki ya jina kamili. Alirudi mwaka 2022, na Aprili 2024 akachukua mukanda mukubwa wa kampuni ileile. Ni hadithi nzuri ya kusimulia. Lakini huyo ni mutoto wa nyota, mwenye jina na akiba. Mutu wa kawaida angekula nini hiyo miaka yote?

Wako pia watatu waliofaulu wakiwa ndani. Mwaka 2014 Kofi Kingston, Big E na Xavier Woods, vijana weusi ambao kila mumoja alikuwa amewekwa pembeni, walikwenda na wazo la kuwa kundi moja. Kampuni ikakubali, lakini ikawapa sura ya waimbaji wa kwaya wanaochekacheka na kupiga makofi. Watu wakazomea. Kundi lingekufa hapo. Wao wakasukuma mpaka wakaruhusiwa kugeuza ile zomeo kuwa utani wao, na mwisho wakashika mikanda ya wawili wawili kwa siku 483. Mimi naona siri yao iko kwenye hesabu ya watu: walikuwa watatu. Bosi akikasirika, hasira inagawanyika. Na Kofi, aliyezaliwa Ghana na ambaye mwanzoni kampuni ilimutambulisha kama mutu wa Jamaika, Aprili 2019 akawa bingwa wa kampuni. Oktoba mwaka uleule akapokonywa mukanda na Brock Lesnar kwa muda wa kupiga chafya. Hata ukifaulu, ule mwisho bado uko kwenye mukono wa bosi.

Mutaniuliza, haya ni mambo ya burudani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ulimi uliozoea kutosema wazo hausemi pia hatari. Tarehe 23 Mei 1999, kule Kansas City, Owen Hart alipangiwa kushushwa kwa kamba kutoka kwenye paa la uwanja mpaka ulingoni, akiwa amevaa manyoya ya kuchekesha. Kamba ikaachia. Alianguka mita zaidi ya 20, akafa, umri wake miaka 34. Mukewe, Martha, ameeleza baadaye kwamba Owen hakuwa na raha na kazi ile ya juu. Kampuni ilikubali kulipa familia dola milioni 18. Uwanja ulikuwa umejaa wataalamu, na yeye alikuwa mucheza wa miaka mingi, wa familia inayojulikana katika kazi hii. Hata hivyo alipanda.

Huku kwetu ulingo ni mbao, matairi ya zamani na shitingi juu yake. Anayejua ubao gani umepasuka ni yule aliyeangukia hapo wiki iliyopita. Bosi hajui, hakuangukia hapo. Kama yule kijana hajawahi kusema kitu mbele ya muzee, hata “naona tuanze na wadogo ndipo wakubwa wafuate,” siku hiyo ndiyo ataanza?

Sisi wa redio tusiwacheke. Nikiwa bado kwenye stage, kwenye redio moja ambayo sitaitaja, tulikuwa tunakusanyika kila Jumatatu na mukubwa wetu anauliza: nani ana wazo? Wote tunatazama viatu. Siku moja nikajikaza, nikapendekeza kipindi juu ya wanawake wanaobeba mizigo Birere. Aliandika kwenye daftari lake, hakusema kitu. Mwezi uliofuata nilisikia kipindi hewani, na sauti ya mutu mwingine. Sikulalamika. Nilifanya tu kile ambacho wacheza catch wanafanyaga: wazo lililofuata nilikaa nalo.

Na kisheria sikuwa na mahali pa kushika. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, na inawataja hata wasanii wanaoonyesha kazi jukwaani. Lakini sheria za namna hii hazilindi wazo lililoko kichwani au lililosemwa kwa mudomo. Zinalinda kitu kilichopata umbo: maandishi, wimbo, mavazi yaliyochorwa, muchezo ulioandikwa. Mucheza catch aliyebuni maski, jina na namna ya kuingia ulingoni, akaviacha vyote kwenye mudomo, siku ya ugomvi hana cha kuonyesha. Daftari la franka chache, tarehe juu, picha kwenye simu, vingemusaidia kuliko kelele.

Nimeona pia namna nyingine wanazotumia, na si za kijinga. Hawaendi wenyewe; wanamutuma mukubwa wa fanfari, juu yeye hapigani na hana cha kupoteza ulingoni. Wanangoja pesa ihesabiwe na bosi akae chini, ndipo wanaongea juu ya Jumamosi nyingine. Na wenye akili zaidi wanaleta wazo kama la bosi mwenyewe: “Muzee, ile ulitufanyia wakati ule, ingerudi watu wangefurahi.” Muzee anakumbuka jambo ambalo pengine hakulifanya, anacheka, anakubali. Jumamosi inayofuata kijana anaingia ulingoni kwa namna aliyoitaka, mupinzani anaanguka upande wa mbao nzima, na watoto juu ya ukuta wanaimba jina lake.