Ua wa Mnyaa Usikatwe Ovyo

Viungani mwa Kisumu, nyua za mnyaa zinang'olewa ili zijengwe kuta za matofali. Ndugu zangu nao wanataka kuung'oa ule wa marehemu baba. Sina ugomvi na matofali. Mnyaa, ambao sisi Wajaluo twauita ojuok, una utomvu mweupe uwezao kupofusha, na aukataye sharti akinge macho. Lakini ua huo ndio mpaka tunaoutambua sisi na majirani. Jiwe hudumu: kule Migori, kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila saruji, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mnyaa hauachi gofu. Nimewasihi ndugu zangu wawaite majirani kwanza, vigingi vipigwe, ndipo panga litolewe.